Ndoto Haimhukumu Jirani

Masomo ya kusoma nyumbani: Mwanzo 31:22-29, 1 Wafalme 3:5-28, Ayubu 33:14-18, Mathayo 1:18-25.



 

Safari hii imetupasa kuandika juu ya jambo ambalo Wakristo wengi wa kwetu hulisema kwa sauti ya chini, jikoni au njiani, lakini kanisani ni mara chache. Jambo hilo ni ndoto. Hatusemi juu ya ndoto zote, bali zile ambazo mtu huamka nazo moyo ukimdunda, akasema, "Marehemu baba amenijia usiku," au, "Nimemwona fulani akinikaba shingo." Ndoto huotwa usiku mmoja, na kabla jua halijatua siku ya tatu, nyumba mbili zilizokuwa zikiazimana jembe na moto hazisalimiani tena. Mara nyingine imekuwa vibaya kuliko hapo, nanyi mwajua.

Hatuandiki kwa kuwacheka wanaoota. Sisi nasi twaota. Wala hatusemi kwamba Mungu hawezi kusema na mtu usingizini, maana Biblia yenyewe ingetusuta. Twataka kuuliza neno moja tu: ndoto inapokuja, inamdai nani? Inamdai aliyeiota, au inamdai jirani yake?

1. Wazee wetu walisadiki nini

Wazee wetu Wasukuma hawakuwa watu wasiomjua Mungu. Kabla mhubiri wa kwanza hajafika walimtaja Liwelelo, walimtaja na Seba, Bwana aliye juu ya wote. Lakini katika mambo ya kila siku, ya mtoto mgonjwa, ya ng'ombe asiyezaa, ya mvua iliyochelewa, walisema zaidi na masamva, ndizo roho za wazee waliotangulia. Isamva alikuwa mtu wa nyumbani. Alikuwa babu au bibi, mwenye jina na ukoo, aliyewahi kulima shamba lile lile. Akikumbukwa, alilinda kaya. Akisahauliwa, alijikumbusha kwa ugonjwa au kwa ndoto. Ndiyo sababu katika kaya nyingi vilijengwa vijumba vidogo vya masamva. Ndiyo sababu watu walimwaga unga wa mtama uliochanganywa na maji, mtoto akapewa jina la babu yake, na ng'ombe akatengwa awe wa babu huyo. Batemi nao waliyakumbuka masamva ya utemi kwa ajili ya mvua na nchi nzima, mpaka serikali ilipoufuta utawala wa watemi mwaka 1963.

Aliyeota ndoto nzito hakukaa nayo peke yake. Alikwenda kwa nfumu, kifaranga kikapasuliwa, na alama zikasomwa katika mwili wake. Na hapo ndipo njia ilipogawanyika.

Njia ya kwanza ilimrudisha mwotaji kwa watu wake mwenyewe. Aliambiwa, Umemsahau babu yako. Umegombana na ndugu yako. Ukusanye ukoo, mle chakula pamoja, mpatane. Njia ya pili ilimpeleka kwa jirani. Aliambiwa, Huyu si isamva, ni bulogi. Yupo anayekuroga, naye ni mwanamke, hakai mbali nawe, na macho yake ni mekundu.

Wapendwa, njia hizi mbili hazifanani hata kidogo. Njia ya kwanza hatuwezi kuifuata yote, maana tunaye mpatanishi mmoja, Kristo Yesu, naye hahitaji damu ya mbuzi tena. Lakini tusikatae kwamba ilikuwa na hekima ndani yake. Ilimwambia mtu ajitazame mwenyewe. Ilimdai atoe kitu chake, ng'ombe wake, chakula chake na kiburi chake. Njia ya pili haikumdai mwotaji kitu. Ilimdai mwingine, na mara nyingi ilimdai uhai wake.

2. Si kwetu peke yetu

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya Usukuma tu. Katika nchi ambayo leo ni Canada, karibu na ziwa kubwa liitwalo Huron, liliishi taifa la Wahuron, ambao wenyewe hujiita Wendat. Nao walisadiki kwamba zipo roho katika watu, katika wanyama, katika maziwa na majabali. Roho yenye nguvu waliiita oki. Juu ya ndoto walisema hivi: nafsi ya mtu ina haja zilizofichika ambazo mwenyewe hazijui, na haja hizo hujitokeza katika ndoto, zisipotimizwa, mtu huugua. Kwa hiyo mgonjwa alipoota, kijiji kizima kilijitahidi kumpa alichokiona, ikiwa ni chakula, ngozi ya mnyama, ngoma au karamu. Mapadre Wajesuiti kutoka Ufaransa, ambao mmoja wao ni Jean de Brébeuf, waliishi kati yao na kuyaandika mambo hayo katika miaka ya 1630 na 1640.

Tazameni jambo hili. Kwa watu wale ndoto ya mgonjwa iliwafanya majirani wafungue mikono yao. Hata mtu ambaye hakubali mafundisho yao aweza kujifunza hapo.

Lakini maradhi mageni yalipoingia, na hasa ndui ya mwaka 1639, watu wakafa kwa wingi mno, mpaka karibu nusu ya taifa ikatoweka katika miaka michache. Ndipo hofu ilipowashika, wakaanza kutafuta mchawi. Waliwashtaki wenzao, wakawashtaki na mapadre, kwa kuwa waliona wageni wale hawafi kama wenyeji wanavyokufa. Palikuwa na mabaraza ya usiku ya kushauriana kama mapadre wauawe. Nasi leo twajua kwamba ndui haikuletwa na uchawi wa mtu. Ilikuwa ni maradhi ya kuambukiza, wala wenyeji hawakuwa na kinga nayo. Kizazi cha Wahuron kipo mpaka leo, wengine karibu na mji wa Quebec, na kisa chao chatufundisha kwamba hofu yaweza kuichukua desturi ya kutoa ikaigeuza kuwa desturi ya kushtaki.

3. Njia ya pili imetufikisha wapi

Nasi tulipatwa na hayo hayo. Katika hesabu zilizokusanywa kwa ajili ya serikali, watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kati ya mwaka 1970 na 1984 kwa kushukiwa uchawi. Wengi wao walikuwa wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa katika nchi ya Wasukuma. Ndiyo miaka ambayo watu wengi walihamishwa kuingia vijiji vya ujamaa, hasa mwaka 1974, wakaacha makao ya zamani na makaburi ya wazee wao, wakajikuta wamejengeana karibu na watu wasiowajua. Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, tukasikia aibu nyingine katika mikoa ya kanda ya ziwa, ya kuwawinda ndugu zetu wenye ualbino, watu wakidanganywa kwamba viungo vyao huleta utajiri. Mwezi Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli.

Na yale macho mekundu? Nchi yetu ina miti michache. Mama mzee amepika kwa mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na kwa mabua ya mtama na pamba, katika jiko lisilo na dirisha, miaka arobaini au hamsini. Moshi umemla macho. Macho yale yalikuwa mekundu kwa ajili ya ugali wetu. Tulikula, tukakua, tukapata nguvu za mikono, kisha wakatokea kati yetu waliomtazama machoni wakasema ni mchawi.

Hatusemi kwamba kila nfumu ana damu mikononi. Wako wanaojua mizizi na majani, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imewapa nafasi yao. Kutoa dawa ya tumbo ni jambo moja. Kumtaja mtu kwa jina kwa sababu ya ndoto ya mtu mwingine ni jambo lingine kabisa.

4. Maandiko yasema nini

Sasa tufungue Biblia, tuzihesabu ndoto.

Mwanzo sura ya 20, mfalme Abimeleki amemchukua Sara. Mungu anamjia katika ndoto, anamwonya amrudishe mke wa mtu. Mwanzo sura ya 31, Labani anamfuatia Yakobo siku saba kwa hasira, na watu wake pamoja naye. Usiku ule kabla hawajakutana, Mungu anamjia katika ndoto na kumwonya ajihadhari na maneno yake mbele ya Yakobo. Asubuhi Labani mwenyewe anakiri kwamba alikuwa na uwezo wa kumdhuru, ila amezuiwa. Mathayo sura ya 2, Mamajusi wanaonywa katika ndoto wasirudi kwa Herode, kwa maana Herode ataka kumwua mtoto. Mathayo sura ya 27, mke wa Pilato ameteswa sana katika ndoto, anatuma neno mahakamani kwamba mumewe asiwe na jambo na yule mwenye haki. Pilato hakusikia, nasi twajua yaliyofuata.

Na kubwa kuliko zote ni Mathayo sura ya 1. Yusufu alikuwa na mchumba, naye akaonekana ana mimba. Yusufu alijua kwamba mimba si yake. Je, tumefikiri jinsi Mariamu alivyokuwa katika hatari? Alikuwa mwanamke aliyeshukiwa. Kijiji kizima kingaliweza kunyosha kidole. Yusufu naye alikwisha kuamua kumwacha, ingawa kwa siri, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. Ndipo malaika alipomjia katika ndoto. Alimwambia nini? Alimwambia asiogope, amchukue nyumbani. Ndoto ile ilimtoa mwanamke katika shuka ya kushukiwa na kumwingiza katika nyumba. Bwana wetu alizaliwa chini ya ulinzi wa ndoto iliyomkataza mwanamume kumshuku mwanamke.

Mwaona? Labani alizuiwa, Abimeleki alizuiwa, Yusufu alizuiwa. Hatuoni mahali ambapo Mungu alimwonyesha mtu katika ndoto jirani wa kumfukuza nyumbani mwake. Na katika kitabu cha Ayubu, sura ya 33, Elihu aeleza sababu: Mungu hufunua masikio ya watu usingizini ili amwondoe mtu katika kusudi lake na kumfichia kiburi chake. Anayeonywa ni yule yule aliyelala.

Mtu aweza kuuliza, Je, ndoto isiweze kuwa ushahidi? Tumtazame Sulemani. Kule Gibeoni Bwana alimtokea katika ndoto, naye akaomba moyo wa adili wa kuamua kati ya mema na mabaya, akapewa. Mara baada ya hapo wakaja wanawake wawili wakigombania mtoto mmoja. Wapendwa, mtu yule alikuwa ametoka kuota ndoto iliyo kuu. Angaliweza kusema, Nimeonyeshwa usiku. Hakusema hivyo. Aliwasikiliza wote wawili, kila mmoja na maneno yake, kisha akawapima mchana kweupe, mbele ya watu. Hekima aliyopewa katika ndoto ilimfundisha kutohukumu kwa ndoto.

Tena Mhubiri atukumbusha katika sura ya 5 kwamba ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Mtu aliyelala na njaa, na deni la mbegu, na mtoto mwenye homa, ataota. Si kila kilichoonekana usiku kimetumwa.

5. Kosa letu wenyewe

Ingekuwa rahisi kukomea hapa na kuwanyoshea kidole wanaokwenda kwa nfumu. Lakini twalazimika kusema kweli mbele ya Mungu na mbele yenu.

Injili ilihubiriwa katika nchi hii tangu karne ya 19. Kule Nassa, ambako leo ni wilaya ya Busega katika mkoa wetu wa Simiyu, wamisionari wa CMS walifungua kituo kando ya ziwa, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa. Kifaranga wengi wetu tumekiacha. Lakini je, njia ya pili tumeiacha?

Jioni moja, katika kikundi chetu cha maombi, dada mmoja alisimama kushuhudia. Alisema ameota nyoka mlangoni, na nyoka yule alikuwa na uso wa mama mmoja wa jirani, akamtaja. Sisi tuliokuwapo tulikuwa kama watu ishirini. Tulisema Amina. Mmoja akaongeza kwamba naye amekuwa na wasiwasi na mama huyo. Tukapiga magoti, tukaomba kwa sauti kuu ili kazi za adui zivunjwe. Tulidhani tumefanya kazi ya Bwana.

Siku ya Ijumaa vijana wakatupa mawe juu ya bati la mama yule usiku. Jumamosi tulisikia, tukasema tutakwenda baada ya ibada. Jumapili tulipokwenda, tulikuta mlango umefungwa kwa kamba na kuku wake wawili wanazurura uani. Alikuwa amehamia kwa binti yake, wilaya nyingine, na godoro lake juu ya baiskeli. Alikuwa na umri wa kutuzaa sisi wote. Bati lile limekwisha kung'olewa na watu, na kuta zimeanguka kwa mvua.

Hatukwenda kwa mganga. Hatukupasua kifaranga. Lakini tulifanya kazi ile ile, na jina la Yesu midomoni mwetu. Tumekwenda kumwomba radhi. Alitupokea, akatupa viti, akasikiliza. Alisema amesamehe, lakini hatarudi. Hatukuwa na neno la kumjibu.

6. Baba aliyesimama zizini

Baada ya hayo, baba mmoja wa parishi yetu alitujia, naye ameturuhusu kusimulia bila kumtaja. Mtoto wake alikuwa na homa. Usiku ule aliota marehemu baba yake amesimama penye zizi, kimya, na kando yake yupo mama mzee wa jirani, ameshika ungo. Ndugu zake walikwisha kumwambia maana yake ni nini. Kifaranga kilikuwa tayari katika kikapu juu ya baiskeli. Alipita kwetu kwa kuwa njia ilikuwa moja.

Jambo la kwanza tulimwambia ampeleke mtoto zahanati. Alipimwa, ikaonekana ni malaria, akapewa dawa. Kisha jioni tukakaa naye, tukamwuliza, "Bwana, hebu tuache mama mzee. Baba yako alipokuwa hai, alikuagiza jambo gani ambalo hukulitenda?"

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba baba yake alimwagiza ampe mdogo wake, mtoto wa mama mwingine, ng'ombe watatu. Miaka tisa ilikuwa imepita. Tukamwuliza, "Na mama mwenye ungo?" Akasema, "Huyo, mwaka wa njaa, nilipokuwa mdogo, alitupa unga." Akainamisha kichwa. Hakuna aliyemfasiria ndoto yake. Aliisoma mwenyewe.

Hatusemi kwamba marehemu alitoka kaburini. Wafu wako mikononi mwa Mungu, na hatuwaiti wala hatuwatumi, tukijua yaliyompata Sauli kule Endori. Twasema tu kwamba dhamira ya mtu yaweza kusema usiku kile inachokatazwa kusema mchana, na Mungu aweza kuitumia. Ng'ombe watatu wametolewa. Yule mdogo aliwapokea bila furaha nyingi, na mpaka sasa wanasalimiana kwa ufupi. Upatanisho wa miaka tisa hauishi kwa siku moja. Lakini mama mwenye ungo bado yupo nyumbani kwake, na msimu uliopita yule baba alimpelekea debe la mtama.

7. Masala Kulangwa na sikio la mama mzee

Wazee wetu walitusimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika makapi. Akamzaa mtoto, naye ni Masala Kulangwa. Alipokua alimwua zimwi, akalipasua, na watu wote wakatoka hai, na baba yake kati yao. Wahubiri wengi wa Usukuma wameitumia hadithi hii kumhubiri Kristo aliyewatoa watu katika tumbo la mauti.

Lakini mara nyingi twasahau mwisho wake. Wako wanaosimulia kwamba wakati wa kulipasua zimwi, kisu kilimkata mama mzee sikio. Mama yule akakasirika, akamroga kijana. Sasa, shujaa amekwisha kuua zimwi lililomeza nchi nzima. Je, mama mzee mmoja angemshinda? Angaliweza kummaliza mara moja, na watu wangalimshangilia. Hakufanya hivyo. Alitafuta dawa, akamponya sikio, na uchawi ukaisha. Ndipo watu wote wakamfanya ntemi.

Wazee wetu walijua jambo hili kabla yetu. Mwenye nguvu huanza kwa kuuliza, Je, nilimkata mimi? Anayestahili kutawala ni yule aliyemponya mama mzee.

8. Tufanyeje basi

Kwa hiyo, wapendwa, tumepatana mbele ya wazee wa kanisa mambo haya, nasi twawasihi myashike.

Kwanza, ukiota ndoto iliyokutisha, piga magoti kabla hujafungua mlango. Mwulize Mungu, Ndoto hii yanidai mimi nini? Usipopata jibu, iache ipite.

Pili, jina la mtu mwingine uliyemwona katika ndoto lisitajwe katika kikundi cha maombi, wala katika kwaya, wala kisimani. Anayesimama kushuhudia ndoto yenye jina la jirani, kiongozi amketishe kwa upole. Na sisi wengine tusiseme Amina.

Tatu, mgonjwa apelekwe zahanati au hospitali siku ile ile. Maombi yetu yatamkuta huko.

Nne, ukimwota marehemu, usiogope. Twasadiki ushirika wa watakatifu. Mshukuru Mungu kwa ajili yake, timiza agizo lake lililo jema, lipa deni lake, tunza yatima wake. Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, tutayasoma majina ya waliolala katika Bwana kutoka parishi yetu, hivyo yaleteni kwa mchungaji.

Tano, tuwatembelee mama zetu wazee wanaokaa peke yao. Umoja wa Mama umeanza kuwajengea majiko yenye bomba la kutoa moshi, nao wanahitaji vijana wa kuchanganya udongo. Na unapopita, usipite kimya. Simama useme, "Ng'wangaluka, mayu." Mama anayeamkiwa na watu wengi mlangoni pake ni vigumu kushambuliwa usiku.

Sita, ukisikia kwamba mtu yeyote ametajwa au ametishwa, usingoje baada ya ibada. Sisi tulingoja. Mwendee mwenyekiti wa kitongoji, uende na polisi, umwambie na mchungaji, saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyemzuia Labani njiani, ukamtuliza Yusufu usingizini, tunakiri kwamba tumewashuku watu uliowaumba, tukanyamaza walipofukuzwa. Utusamehe. Uzilinde nyumba za wajane na wazee katika nchi yetu usiku huu. Utupe kulala kwa amani, na tukiota, utuonyeshe dhambi zetu wenyewe. Na tukiamka, utupe mikono ya kutoa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika utumishi wa Bwana.